Ukurasa Ambao Bosibori Hakuumaliza

Wameandika kwenye programu ya mazishi kwamba marehemu Bosibori alikuwa mkulima wa chai, mama mnyamavu na mpenda kanisa. Mkulima wa chai, sawa. Kanisa, sawa pia, hakukosa Sabato hata miguu ilipoanza kumkataa. Lakini hilo la unyamavu nimelikataa, na nilimwambia Kennedy, kifungua mimba wake, nikiwa nimesimama verandani kwake Nyacheki, programu ikiwa mkononi mwangu bado ina joto la mashine. "Mama, tumeshachapisha," akaniambia. Nikamwambia, "Chapisheni tena." Akacheka kile kicheko cha watu waliosoma wakiongea na bibi kizee. "Kwani wewe Mama Kemunto ulitaka tuandike nini?" Nikamwambia andika hivi: alikuwa msomaji, akanyamazishwa. Kennedy akatazama huku na huku kuona kama mchungaji amesikia. Hapo nikajua kwamba nisipoandika mimi hakuna mtu ataandika, kwa sababu wengine wote waliokuwepo wamelala chini ya udongo, na mimi ndiye nimebaki na majina yao mdomoni. Shule niliachia darasa la tatu. Hiyo hainizuii.

Mwaka ninaousema ni ule wa kwanza nilipoolewa, mwaka ambao mvua ya mawe ilipiga chai yote ya upande wa juu wa Nyacheki ikabaki fito kama mifupa ya kuku. Tulikuwa wake wawili katika boma moja. Bosibori alikuwa wa kaka mkubwa, mimi wa mdogo wake, na huku kwetu wake wa ndugu huitana mke mwenza hata kama kila mmoja ana bwana wake. Yeye alitoka Sironga, alikuwa amefika darasa la saba, na alikuwa na sauti. Sisemi sauti nzuri, maana sauti nzuri ni ya kwaya. Yake ilikuwa sauti ya mtu anayekuambia jambo lililompata jirani yako asubuhi hii hii. Akisema chumvi imeisha, ulitaka kujua ilivyoisha. Baba mkwe wetu alikuwa Mzee Ombati. Tulimwita Tata, ndivyo Mgusii anavyomwita baba. Alikuwa mzee wa kanisa, alikuwa mwenyekiti wa kituo cha majani chai, na alikuwa na fimbo iliyoingia kila mahali kabla yake.

Asiyetoka huku lazima nimwambie kuhusu chinsoni, la sivyo hataelewa kilichotupata. Chinsoni ni ile aibu iliyopo kati ya mzazi na mtoto, na zaidi kati ya mkwe na mkwe. Mke wa mtoto haingii nyumba ya baba mkwe. Hampi mkono. Akikutana naye njiani anapisha. Na maneno ya mwili, maneno ya kitandani, hayasemwi mahali ambapo wote wawili wanasikia, hata kwa mzaha, hata kwa bahati mbaya. Lakini ukiruka kizazi kimoja aibu hiyo inakwisha kabisa. Nyanya na wajukuu wake, pamoja na wake za wajukuu, wanaambiana lolote, na katika hao nyanya ndiye huwa mbaya kuliko wote. Nyanya wetu alikuwa Gesare, mama yake Mzee Ombati. Tulimwita Magokoro, yaani nyanya. Alikuwa mwanamke mdogo kama kikapu, akiishi katika nyumba yake ya udongo nyuma ya migomba, na alituuliza maswali kuhusu bwana zetu ambayo hata leo siwezi kuyaandika.

Majani ya chai huchumwa asubuhi. Jua likianza kuegemea unayabeba kikapu mgongoni mpaka kituoni, unayamwaga mezani, unachambua mpaka ubaki na yale ya majani mawili na chipukizi, halafu unangoja loli ya kiwanda. Kungoja huko ndiko kulikuwa kazi yenyewe. Loli ilikuja ilipotaka. Kituo kilikuwa paa la mabati, meza ndefu, sakafu ya simiti, na ukuta mmoja wa mbao uliotenga upande wetu wanawake na upande wa mizani, ambako karani na wanaume wa kamati walikaa. Tulileta viazi vitamu vilivyofungwa kwa jani la mgomba, na chai ya maziwa katika chupa yenye kizibo cha gunzi la mahindi. Tulisengenya. Lakini ukishasengenya watu wote kuanzia barabarani mpaka mtoni, unabaki kusikiliza tumbo lako tu.

Kitabu kilitoka Ogembo, dukani kwa Mama Zuhura. Huyo alikuwa Mwislamu, bwana yake aliuza nguo na yeye aliuza sukari, njugu na viungo, na njugu alizifungia kwa karatasi za vitabu vikuukuu. Siku ya soko Bosibori alinunua njugu, akala huku anasoma karatasi, karatasi ikamwishia katikati ya jambo. Akanivuta mkono, tukarudi dukani mbio.

"Njugu ni mbovu?" Mama Zuhura akauliza.

"Njugu ni nzuri, mama. Nimekuja kuuliza, huyu Mwanahawa aliufungua mlango au hakuufungua?"

Mama Zuhura alicheka mpaka akaishika meza ya duka. "Mwanangu, wewe ndiye mteja wa kwanza kusoma njugu zangu. Chukua kitabu chote kilichobaki. Chukua kabla sijawauzia watu huo mlango."

Ndivyo tulivyokipata, bila jalada, bila jina, kurasa za mwanzo zikiwa zimeshakwenda na njugu katika nyumba za watu wa Ogembo. Mpaka leo sijui kiliitwaje. Watu wa siku hizi wakiniuliza nani alikiandika nawaambia sikumwona, nilimwona Mwanahawa.

Pale kituoni Bosibori alisoma kwanza kwa Kiswahili kilichoandikwa, kisha akakigeuza kwa Kigusii, kwa maana wengi wetu Kiswahili chetu kilikuwa cha kununulia chumvi. Mwanahawa alikuwa mke wa fundi cherehani aitwaye Sudi. Shangazi yake alikufa akamwachia nyumba. Sudi akasafiri kutafuta kazi, na nyuma yake ndugu yake Sudi akaja kumfukuza Mwanahawa, akisema nyumba ni ya wanaume. Basi. Ukisimuliwa hivyo utasema ni jambo dogo. Hebu lisikilize ukiwa umekalia gunia, vidole vyeusi kwa utomvu, unangoja kupimiwa chai uliyoichuma wewe na iliyoandikwa jina la mwanamume. Tulioketi pale tulikuwa Kwamboka, Nyanchama, Moraa, Kerubo, Sabina wa jino moja, Bosibori na mimi. Nawataja kwa sababu programu haikuwataja.

"Huyo shemeji mimi ningemmwagia maji ya moto," Nyanchama alisema.

"Na Sudi akirudi?" Moraa akamuuliza.

"Akirudi atamkuta ndugu yake ameiva."

"Nyanchama wewe, kwako hata jogoo anakufukuza jikoni. Utamwagia nani maji?"

Hivyo ndivyo tulivyokuwa. Tukienda mtoni tulimzungumzia Mwanahawa. Tukipalilia tulimzungumzia. Kerubo aliposhona nguo ya mtoto alisema mshono huu Sudi angeucheka. Kisha jambo likatokea ambalo ninacheka nikiliandika. Kwamboka alikuwa amejiunga nasi kisa kimeshafika katikati, na hakuna aliyekumbuka kumweleza kwamba kinatoka kitabuni. Alichojua ni kwamba kila alasiri Bosibori anatoa habari za mwanamke anayeteswa. Basi Sabato moja, saa ya maombi, Kwamboka akasimama kanisani na kitambaa chake cheupe, machozi yanamlengalenga. "Naomba tumkumbuke dada yetu Mwanahawa. Shemeji yake anamfukuza nyumbani, na bwana hayupo." Kanisa lote likasema ooh. Mzee Ombati mwenyewe akapiga magoti akaomba, na sijawahi kusikia mtu akiomba namna ile. Alimwambia Mungu aukaushe mkono wa huyo shemeji. Alimwambia Mungu akae mlangoni kwa huyo mjane-si-mjane. Bosibori alitikisika mabega kando yangu, mimi nikauma leso.

Nje, Mzee akamwita Kwamboka. "Huyo dada anakaa sehemu gani, wazee tukamtembelee?"

"Mimi sijui kwake, Mzee. Lakini mke wa mtoto wako Bosibori anamjua sana. Kila siku anatuletea habari."

Mzee hangeweza kumuuliza Bosibori uso kwa uso, akamtuma mama mkwe wetu. Nilikuwepo jikoni, namenya ndizi.

"Huyu Mwanahawa ni wa wapi?"

"Ni wa kitabuni, mama."

"Wa kitabuni namna gani? Amekufa?"

"Hakufa, mama. Hakuwahi kuwepo."

Mama mkwe akakaa chini polepole, mwiko bado mkononi. Nilimhurumia, maana yeye ndiye alikuwa wa kumpelekea Mzee hayo majibu.

Siku iliyofuata Mzee Ombati alikwenda kituoni mapema, akakaa nyuma ya ukuta wa mbao kimya, asikie kwa masikio yake kitu kilichompigisha magoti kwa ajili ya mtu asiyekuwepo. Sisi hatukujua. Na angalia siku aliyoichagua. Bosibori alikuwa amefika kwenye ukurasa ambapo Mwanahawa analala akikumbuka jinsi yeye na Sudi walivyoagana kabla ya safari. Waliagana kama mke na mume. Aliyeandika hakukimbilia kuzima taa. Kwa Kiswahili hayo yalipita bila shida. Kiswahili kwetu kilikuwa nguo ya kuazima, ukiivaa hujioni mwili. Bosibori alisoma nusu ya ukurasa, uso umetulia kabisa, akataka kuruka.

"Geuza," Nyanchama akamwambia. "Tugeuzie, usitufiche. Kwani hapa kuna mtoto?"

Bosibori akageuza. Sasa yalikuwa maneno yetu, yale tuliyozaliwa nayo, hayana nguo, na yalitoka kwa ile sauti yake ya kukuambia jambo la jirani. Sabina alijifunika kikapu kichwani. Kerubo alipiga kelele akishika mashavu. Na katikati ya kelele hizo, nyuma ya ukuta, tukasikia fimbo inaanguka kwenye simiti. Hakuna mtu Nyacheki ambaye hakuijua fimbo ile. Nikachungulia katikati ya mbao, nikaona mgongo wa koti lake unateremka kilima bila fimbo. Ilibaki pale chini mpaka loli ikaja. Hakuna aliyethubutu kuiokota. Bosibori alikifunga kitabu, kidole chake bado kiko katikati ya ukurasa, akasema kitu kimoja tu: "Nimekwisha."

Wazee wa ukoo waliketi uani siku hiyo hiyo kabla jua halijazama, na sisi wake tukawekwa jikoni kwa mama mkwe. Mboga ya saga ilikuwa inachemka na maziwa kwenye chungu, na ile harufu yake chungu mpaka leo inanirudisha pale. Ukuta wa jikoni ulikuwa na ufa. Mimi nilikuwa kwenye ufa, Bosibori alikaa kwenye kigoda ananyonyesha Kennedy, huyu huyu Kennedy wa programu.

"Nimesikia neno ambalo mkwe hasikii," Mzee alisema. "Na kabla ya hapo nimemwombea mtu wa uongo mbele ya kanisa la Mungu."

"Lakini huyo mtoto hakujua uko pale," ndugu yake mdogo akajaribu.

"Kama asingesoma, ningesikia nini? Kitabu kichomwe. Na mdomo ule usisome tena kwa sauti, si katika boma hili, si kituoni. Akikataa, arudi kwao Sironga. Mtoto anabaki."

Nilimtafuta bwana yake Bosibori kwa jicho langu kwenye ufa. Alikuwa anatazama viatu vyake. Wakamwita Bosibori mlangoni. Akanipa mtoto, akasimama amewageuzia mgongo kama heshima inavyotaka, akatazamana na mimi. Uso wake siwezi kuueleza. "Nimesikia, Tata," akasema kwa nguvu ili wamsikie huko nje. "Sitasoma." Nimesikia watu wengi wakiapa, kortini na kanisani. Sijasikia kiapo kilichochoma hewa kama kile.

Mimi nikatumwa kukileta kitabu kiingie motoni. Nilikitoa chini ya godoro la Bosibori, nikatoka nacho, na miguu ikapinda yenyewe ikapita migombani mpaka kwa Magokoro Gesare. Alikuwa anapepeta wimbi mlangoni.

"Umebeba nini kama maiti ya mtoto?"

Nikamwambia yote. Akanyoosha mkono, akakiweka kitabu juu ya kigoda, akakikalia. Kisha akaendelea na wimbi wake. Nilijificha nyuma ya mlango, kwa sababu tulishaanza kusikia hatua za Mzee. Alisimama nje, mbali kidogo, kama mtoto wa kiume mtu mzima anavyosimama kwa mama yake.

"Mama, nimeambiwa kuna kitabu hapo."

"Kipo. Nimekikalia. Njoo ukichukue."

Kuku wakapita.

"Mama, kitabu hicho kina maneno machafu."

"Ombati, mimi nimekuzaa. Unafikiri ulikuja kwa maneno masafi? Ukiendelea kusimama hapo nitakueleza jinsi baba yako alivyokupata, kuanzia jioni yenyewe. Mimi nimezeeka, aibu zangu zimeng'oka pamoja na meno. Nianze?"

Tulisikia migomba ikichakarika, akienda. Chinsoni ile ile aliyomhukumia Bosibori ndiyo iliyomfukuza mlangoni kwa mama yake, na Magokoro alilijua hilo kabla hajakalia kigoda. Akageuka akaniangalia.

"Amesema ni nani asisome?"

"Bosibori."

"Wewe amekutaja?"

"Hapana, Magokoro. Lakini mimi sijui kusoma sana."

"Sikukuuliza unajua nini. Nimekuuliza kama amekutaja."

Na ndivyo nilivyojua kusoma. Shule ilinifundisha herufi na kuchapwa. Kusoma nilikujulia jikoni kwa Gesare, masizi yananing'inia juu kama popo, kuku mwenye mayai chini ya kitanda, maharagwe yanatokota, na wanawake wale wale wameingia mmoja mmoja na vikapu vyao vitupu wakisema wamekuja kumjulia hali bibi. Mzee Ombati aliwaona wakiingia. Angefanya nini? Mlango ulikuwa wa mama yake, na ndani ya ule mlango yeyote angeweza kusema lolote wakati wowote. Bosibori alikaa kushoto kwangu, mtoto kifuani, macho kwenye ukurasa, mdomo umefungwa kama alivyoapa. Nikikosea, ananifinya juu ya kiwiko. Herufi moja, anafinya kidogo. Nikiruka neno, anafinya na kuzungusha. Mkono wangu wa kushoto ukawa na madoa kama ndizi iliyoiva, mpaka bwana yangu akaniuliza, "Nani anakupiga?" Nikamwambia, "Mwanahawa." Naye alikuwa ameshasikia habari zake.

"Kemunto, huyu Mwanahawa siku hizi ana kigugumizi," Nyanchama alinichokoza.

"Mwache," Sabina akasema. "Amefukuzwa kwake. Hata wewe ungegugumia."

Niligugumia miezi. Sentensi moja ilinichukua muda ambao mtu anaweza kumenya ndizi za chakula cha watu wote, na hakuna aliyesema turudi nyumbani. Mvua ya mawe ikaja, chai ikapigwa, hakukuwa na la kuchuma, tukasoma zaidi. Magokoro aliomba ule ukurasa wa kuagana urudiwe mara nyingi kuliko nilivyopenda. Nikiusoma anatikisa kichwa. "Unausoma kama karani anayesoma mizani. Huo si wako. Huo ni wa huyu." Anamnyooshea Bosibori kidole, na Bosibori anainamia mtoto. Mwishoni kitabuni, Mwanahawa aliketi kwenye kizingiti cha nyumba yake akakataa kuondoka, na majirani wakaleta mikeka wakaketi naye, mpaka shemeji akachoka kusimama juani. Sudi hakurudi. Niliposoma neno la mwisho Nyanchama alilia kwa hasira kwa sababu ya Sudi. Magokoro akauliza, "Nyumba amebaki nayo?" Nikasema amebaki nayo. "Basi songeni ugali."

Watu wakiniambia hadithi ni mambo ya kupoteza wakati, namkumbuka Moraa. Chai ilikuwa ndiyo inaanza kuchipua tena baada ya mawe, bwana yake Moraa akafa, na matanga hayajaisha vizuri shemeji yake akaja na panga akaanza kukata mashina ya chai ya mjane, akisema shamba limerudi kwao. Moraa akaenda akaketi mlangoni kwake. Kerubo akapita, akamwona, hakuuliza kitu. Akaleta gunia akakaa. Kisha Sabina. Kisha Kwamboka, Nyanchama, Bosibori na mtoto, na mimi. Hatukupanga. Hakuna aliyetuita. Mahali pale tulikuwa tunapajua, tulikuwa tumeshakaa pale na Mwanahawa, jikoni kwa Gesare, miezi yote hiyo. Yule shemeji alitukana mpaka akakauka. Alasiri Mzee Ombati akaja na fimbo yake, kama mwenyekiti wa kituo, kuona kwa nini wanawake hawajapeleka majani.

"Mnafanya nini hapa?"

Tukainamisha macho, sisi wakwe zake. Nyanchama hakuwa mkwe wake. "Mzee, tunamlinda yule dada uliyemwombea."

Nilisubiri fimbo ipande. Alimtazama Moraa. Akalitazama lile panga, na mashina ya chai yaliyokatwa yakitoa maji. Nafikiri aliisikia sala yake mwenyewe, yale ya kuukausha mkono, na hakuweza kuirudisha mdomoni. Akamgeukia shemeji. "Nenda nyumbani," akamwambia. "Nenda kabla Mungu hajanisikiliza." Moraa alichuma chai ile mpaka alipokufa, na leo inachumwa na binti zake.

Lakini Mzee hakumfungulia Bosibori kile kiapo. Nalisema hili wajukuu wa Ombati wasije wakaniambia alikuwa mtu wa haki. Alikuwa mtu wa haki siku moja, mlangoni kwa mtu mwingine. Nyumbani kwake aliacha neno lake limesimama mpaka alipokufa. Magokoro Gesare alitangulia, yeye akafuata, mwishowe bwana yake Bosibori na wangu pia, na tulipobaki wajane wawili nilimpelekea kitabu, nikamwambia, "Mke mwenza, soma sasa. Uliyemwahidi amekufa." Akanirudishia. "Niliyemwahidi amekufa. Niliyeahidi bado yuko." Kwa miaka mingi nilidhani ni woga. Haukuwa woga. Walimtaka anyamaze kwa aibu, yeye akanyamaza kwa hasira, na hasira ile aliilisha kila siku kama mtu anavyolisha ng'ombe. Wajukuu wake walikuwa wakija na vitabu vya shule, anawafinya wakikosea, na mdomo haufungui. Ndiyo maana Kennedy aliandika mnyamavu. Hakujua anachokiona.

Siku ya kumzika walinipa kipaza sauti kwa sababu ya umri wangu. Kijana wa kuongoza shughuli akaninong'oneza, "Magokoro, maneno machache tu." Nikatoa kitabu kwenye leso. Kilikuwa kimekuwa cha rangi ya chai. Nikasema kwanza, "Kennedy, wewe na ndugu zako, na watoto wangu, na wakwe wote. Nitasoma kitu ambacho ninyi hamwezi kusikia kutoka kwangu. Nendeni upande wa chai. Sifukuzi mtu, nawapa nafasi ya heshima." Watu wakaguna. Kennedy alikuja mbele amekunja programu. "Mama, leo? Mbele ya kanisa?" Nikamwambia, "Uliandika mnyamavu. Nakuja kusahihisha." Mchungaji akainuka nusu, akauliza kama yeye abaki. "Wewe ni mtoto wa Kerubo," nikamwambia. "Mama yako alikaa kulia kwangu akisikiliza haya haya. Nenda na wenzako." Kicheko kilianzia kwa wazee wa kike wa kijijini, kikaenea. Wakaenda, wanaume wazima na tai zao, wakasimama katika chai iliyowafika kiunoni, wametupa migongo. Nikawaita wajukuu wasogee. Wakaja na simu zao, wakaketi nyasini mpaka karibu na jeneza.

Nikaanza pale pale kidole cha Bosibori kilipokuwa. Nilisoma kwa Kiswahili, na nilijitahidi kusoma kama yeye, kama jambo lililompata jirani. Nyaboke, binti ya Kennedy, akapaza sauti kutoka mbele. "Geuza, Magokoro! Tugeuzie!" Alilipata wapi neno hilo, sijui. Nikageuza. Wakapiga kelele, wakashikana mashavu, kama Kerubo, kama Sabina. Karibu na mwisho wa ukurasa niliruka neno. Nililiona nikiliruka. Mkono wangu wa kushoto ukajikaza wenyewe, ukangoja, na hakuna aliyenifinya. Kisha nikarudi nyuma, nikalichukua lile neno, nikalisoma sawasawa, na nikamaliza ukurasa kwa sauti yote niliyobaki nayo. Kule kwenye chai vichwa vilikuwa vimeinama. Kama walisikia, hilo ni lao. Safari hii hakukuwa na ukuta.